Mtoto wa Askari ni wa Nani?

Tarehe 25 Novemba 1917, jeshi la Wajerumani lililokuwa limesukumwa kutoka Kilwa, kisha Lindi, kisha uwanda wa juu wa Wamakonde, lilivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa amebakiwa na Wazungu wapatao 300 na askari Waafrika wapatao 1,700. Nyuma yao walifuata wapagazi, wanawake na watoto kwa maelfu. Idadi ya Wazungu imeandikwa, ya askari vilevile, na mizinga nayo imehesabiwa mmoja mmoja. Watoto wametajwa kwa jumla tu, pamoja na mizigo.

Sura zilizotangulia zimewahusu wanaume waliobeba bunduki katika pwani hii. Hii inawahusu watoto wao. Ndani ya miaka isiyofika mia moja, nchi inayoanzia Kilwa kwenda Lindi na kupanda hadi Nachingwea imelea watoto wa majeshi matatu: la Mjerumani, la wapigania uhuru wa Msumbiji, na letu wenyewe. Kila jeshi lilikuwa na jibu lake kwa swali ambalo halimo katika mafunzo ya kuruta: mtoto wa askari ni wa nani? Mimi nimekulia kota, na swali hilo nililipata kwa sura nyepesi zaidi kila tulipohamia shule mpya. Wenzangu waliniuliza kwetu wapi, nami nikawatajia kikosi.

Kijiji kando ya boma

Hermann von Wissmann alipotumwa mwaka 1889 kuwazima watu wa pwani waliokuwa wamewapinga Wajerumani, askari wake wengi walikuwa Waafrika. Alipitia Cairo akaajiri Wasudani wapatao 600 waliowahi kulitumikia jeshi la Misri, na kutoka kusini ya Msumbiji akachukua vijana walioitwa Wazulu. Wasudani wengi walipanda meli na wake zao na watoto wao. Kwa hiyo Mei 1890, Kilwa Kivinje na Lindi zilipoangukia mikononi mwa Wissmann, nyuma ya kikosi kulikuwa na kaya zilizotafuta mahali pa kuinjika chungu.

Popote ilipojengwa boma, kijiji cha askari kilijengwa kando yake. Mshahara wa rupia ulimweka askari juu ya kibarua wa shambani, na fedha hiyo ilimpa hadhi: kanzu ya Ijumaa, watumishi, jamaa wa kuwalisha. Mtoto wa kijiji hicho angeweza kuwa na baba Msudani na mama Mmwera au Mmanyema, akala chakula cha upande wa mama, akaogopa bakora ya upande wa baba, na Kiswahili kikawa lugha iliyowaunganisha wote nyumbani. Shule ilikuwa uwanja wa kwata. Wavulana waliliingia jeshi kabla ya kuandikishwa, kwa kuwa askari akienda safari alifuatana na boi wake, kijana wa kumbebea vyombo, kumpikia na kumtandikia mkeka. Boi mwenye akili, baada ya safari chache, aliijua kazi kuliko kuruta aliyetoka bara jana.

Vita vya Maji Maji vilivunja ujirani wa watoto hao na watu wa nchi. Vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika milima ya Wamatumbi, nyuma ya Kilwa, na Agosti boma ya Liwale ikateketezwa. Serikali ilijibu kwa kuchoma vijiji na maghala, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Katika miezi ileile, katika nchi ileile, alikuwapo mtoto aliyekula mtama ulioletwa na baba yake kutoka kijiji kilichochomwa, na alikuwapo mwingine aliyechimba mizizi porini kwa sababu mtama huo ulikuwa wa kwao. Anayesimulia utoto wa mmoja hana budi kumtaja na mwenzake.

Katika watoto wa jeshi lile, ambaye habari zake zimehifadhiwa vizuri ni Kleist Sykes. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa mmoja wa Wazulu walioletwa na Wissmann. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Angali mdogo, baba yake alikufa maji katika Mto Ruaha, akirudi kutoka vita dhidi ya Mkwawa. Mtoto hakurudishwa Msumbiji kwa ukoo wake. Effendi Plantan, mkubwa wa Wazulu wale, alimchukua na kumlea Dar es Salaam pamoja na watoto wake wa kuwazaa, na vita vya mwaka 1914 vilipofika Kleist naye alikuwa askari.

Hilo ndilo lilikuwa jibu la jeshi la Mjerumani. Mtoto wa askari alikuwa wa askari wenzake. Baba akifa, uhai wa mwanawe ulitegemea kama yupo mwenye cheo na moyo atakayesema huyu ni wangu. Kleist alimpata wa kusema hivyo, lakini jibu la namna hiyo lina kasoro moja: linahitaji wenzake baba wabaki hai, na pwani ya Lindi ilikuwa karibu kuwamaliza.

Njia ya Mahiwa

Waingereza waliteka Kilwa na Lindi Septemba 1916. Mwaka mzima uliofuata vita vilikwenda vikirudi nyuma ya miji hiyo: Kibata mwezi Desemba, Narungombe Julai 1917, kisha Mahiwa, karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba. Siku hizi basi la kutoka Lindi kwenda Masasi hupita hapo likikimbia, abiria wakinunua korosho na ming'oko madirishani. Kwa siku nne zile, jeshi la Waingereza, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Wanigeria na Waafrika wa King's African Rifles (KAR), lilipoteza watu zaidi ya 2,000 waliouawa au kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza mamia, nao hawakuwa na wa kuziba pengo.

Familia zilikuwa nyuma ya mstari wa mapigano, mwendo wa saa chache. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi safari za wanawake zilivyowekewa msimamizi, Mzungu au askari mzee wa kuaminika, ili msafara usivurugike. Ameeleza pia kwamba walipenda rangi, hata baada ya kuteka bohari la adui msafara wote, maili kadhaa kwa urefu, ulionekana kama watu wanaokwenda sherehe. Ni maelezo ya mtu aliyeutazama msafara akiwa mbele yake. Aliyekuwa ndani yake, mgongoni mwa mama, alijua zaidi harufu ya jasho, kelele za wapagazi na amri ya kunyamaza.

Makamanda walijua kwa nini familia haziachwi. Askari ambaye mkewe na wanawe wamebaki upande wa pili ana sababu ya kutoroka usiku. Kaya iliyokuwa inatembea na jeshi ililishika jeshi pamoja. Katikati ya Novemba, huko Nambindinga, Lettow-Vorbeck aliamua kuwachukua wenye nguvu tu na kuwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi wachukuliwe na Waingereza. Amri ile ilichagua wanaume, lakini iligawa familia pia. Waliovuka walitembea mwaka mzima, hadi jeshi liliposalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka Ruvuma alifika huko akitembea kwa miguu yake, kama alifika.

Watoto wa mapambano

Nachingwea ni mji uliozaliwa na karanga. Mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulikufa mwaka 1951, ukaacha uwanja wa ndege, barabara zilizonyooka, nyumba za mameneja na mashamba yaliyotajwa kwa namba. Mji wenye uwanja wa ndege, mbali na macho ya watu na karibu na mpaka, hauchelewi kupata wanajeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na kombania ya Tanganyika Rifles, na Januari 1964, wenzao wa kambi za Colito, Dar es Salaam, na Tabora walipoasi kudai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza, kombania hiyo nayo ikaingia katika maasi. Uasi ule tumezoea kuusoma kama habari ya siasa. Ulikuwa pia habari ya jikoni, kwa kuwa mshahara uliodaiwa ulikuwa wa kulisha watoto, na walioachishwa kazi baada yake walitoka kambini na familia zao.

Mwaka 1965 wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, wakafungua kambi yao kuu ya mafunzo Nachingwea, katika eneo ambalo wenyeji hadi leo wanaliita Farm 17. Hapo Samora Machel alifundisha jeshi. Hapo pia, mwaka 1967, lilifika kundi la kwanza la wasichana 25 kupata mafunzo ya kijeshi, Josina Muthemba akiwa mmoja wao. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii, mtoto angeweza kuwa na mama mwanajeshi, tena mwenye mafunzo na silaha.

Jambo hilo lilibadilisha kila kitu kwa mtoto. Katika msafara wa Mjerumani, mama ndiye aliyekuwa nyumba, na popote alipoweka chungu palikuwa nyumbani. Mama wa kikosi cha wanawake cha FRELIMO alivuka Ruvuma na mizigo ya silaha na dawa kichwani, akahamasisha vijiji, akalinda maeneo yaliyokombolewa. Mtoto wake na mayatima wa vita walihitaji mtu mwingine. Josina alikuja kuongoza idara ya ustawi wa jamii, na vituo vya watoto vikawa sehemu kubwa ya kazi yake. Kituo cha Tunduru kilikuwa na darasa, shamba na bweni. Mei 1969 Josina na Samora walifunga ndoa hapohapo Tunduru. Novemba mwaka huo wakapata mtoto wa kiume. Tarehe 7 Aprili 1971 Josina alifariki Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 25, na mwanawe alikuwa hajatimiza miaka miwili. Msumbiji imeifanya tarehe hiyo kuwa siku ya wanawake wake.

Jibu la FRELIMO, basi, lilikuwa tofauti kabisa: mtoto wa mpiganaji ni wa mapambano. Hakumsubiri Effendi Plantan. Alikuwa na kituo, mwalimu na sahani yake, na hakuna aliyemuuliza kabila. Watoto wa vituo walifundishwa Kireno ili waweze kuelewana kutoka Ruvuma hadi Maputo, ingawa nje ya uzio walikuwa wamezungukwa na Kiswahili, na wengi walikuwa wametoka nyumbani na Kimakonde. Ni malezi yaliyowaokoa wengi. Yalidai pia bei yake: mtoto alijifunza mapema kwamba mama yake ni wa wote, hivyo hana haki ya kumlilia peke yake.

Si watoto wote wa vita vile waliokuwa vituoni. Wakimbizi wengi walipelekwa Rutamba, ndani ya Wilaya ya Lindi, makazi yaliyofunguliwa miaka ileile. Huko watoto walilima mihogo na mpunga, wakacheza na Wamwera, wakasikia habari za baba zao walio msituni kutoka kwa waliokuja kwa miguu. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru, na mwezi mmoja kabla Samora alikuwa ameshavuka Ruvuma kuelekea Maputo. Watoto waliozaliwa Tanzania wakaambiwa wanarudi nyumbani, mahali ambapo hawajawahi kupaona. Wengi walikwenda. Wengine walibaki na Wamwera.

Bendera saa kumi na mbili

Jeshi letu, JWTZ, lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kwa wakoloni na lililoasi, kuvunjwa. Nachingwea ikawa moja ya kambi zake, na sisi tuliofika huko miaka ya 1980 tulikuta mji uliozoea askari kiasi kwamba magwanda hayakumgeuza mtu shingo.

Kota ina sheria zake ambazo hakuna anayekaa akakufundisha. Nyumba zimepangwa kwa vyeo, kwa hiyo mtoto hujua cheo cha baba wa mwenzake kabla ya kujua jina lake. Baba akipandishwa kutoka koplo kuwa sajini, mnahama mtaa, na marafiki wa juzi wanabaki ng'ambo ya barabara ambayo ghafla imekuwa pana. Mtoto wa meja hapigwi ovyo. Mtoto wa koplo akivunja kioo cha nyumba ya ofisa, kesi haiishii kwa mama. Baba ataitwa asimame sawasawa mbele ya mkubwa wake, na jioni atakaporudi utaona usoni mwake kwamba bado amesimama.

Kitu ambacho wageni hawakukiamini walipotutembelea ni jioni. Tunacheza mpira, vumbi limejaa, mabao yamegongana, mtu ameshika mguu analia. Saa kumi na mbili tarumbeta inalia lango kuu. Kila mtu anaganda alipo. Aliyekuwa anakimbia anasimama, aliyeanguka anainuka anasimama, mama aliyebeba ndoo anasimama nayo kichwani, uso kuelekea bendera. Mpira tu ndio unaendelea, unabingirika taratibu hadi mtaroni, na hakuna anayeuangalia waziwazi, ingawa sote tunajua umeishia wapi. Bendera ikishafika chini, tarumbeta inanyamaza, na kelele zinaanza pale zilipokatika. Hadi leo nikipita karibu na kambi jioni, miguu hunikumbusha kabla ya akili.

Nje ya lango kulikuwa na nchi nyingine. Watoto wa mjini tuliwaita watoto wa raia, kwa sauti ya kuonyesha kwamba sisi tuna kitu ambacho wao hawana. Kitu hicho kilikuwa nini? Umeme wa jenereta, maji ya bomba, duka la jeshi lenye bidhaa zisizotozwa kodi, ambalo lilidumu hadi serikali ilipofuta msamaha huo mwaka 2016 na kuweka posho. Katika miaka ya uhaba, mtoto mwenye sabuni ya kuogea alikuwa tajiri.

Wao nao walikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, na kilionekana wakati wa likizo. Wavulana wa Kimwera na Kimakonde niliosoma nao walitoweka. Shule ilipofunguliwa walirudi na nguo mpya, wamenenepa, wana siri na majina mapya. Walikuwa wametoka jandoni, na dada zao unyagoni. Mimi nilitahiriwa hospitali ya kambi, na daktari mwenye nyota mbili begani, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimeshikilia msuli. Hakuna aliyeniimbia. Nilipojaribu kuwauliza walichofundishwa, walinitazama kama tulivyowatazama wao walipotuuliza kilichomo katika ghala la silaha.

Uhamisho

Anayetaka kumjua mtoto wa kota asimwangalie kwenye gwaride. Amwangalie siku ya uhamisho. Amri hufika kwa karatasi moja. Mama anashusha masanduku ya bati kutoka juu ya kabati, yenye namba ya baba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, namba ambayo kila mtoto wa nyumba ile anaijua kwa moyo. Vyombo vinavunja moyo wa mama kabla havijavunjika vyenyewe: vya udongo vinagawiwa majirani, kuku wanachinjwa au wanauzwa, mbwa anaachwa. Mti wa papai uliopandwa mlangoni unabaki kuzaa kwa ajili ya familia ijayo.

Kuhamishiwa kusini kulikuwa na sifa yake mbaya. Rufiji ilikuwa haijapata daraja, na Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo gari zilivushwa kwa pantoni, na masika ikikolea barabara ya kutoka Kibiti hadi Lindi ilikuwa tope hadi kwenye ekseli. Watu walisafiri kwa meli wakizunguka baharini, au walisubiri. Askari wengi waliiona amri ya kusini kama adhabu ambayo hakuna aliyewaambia kosa lake. Kwa mtoto maana yake ilikuwa nyepesi zaidi: bibi atakuwa barua, na barua itafika baada ya Idi au Krismasi iliyokusudiwa.

Lakini kusini palikuwa na fadhila. Mtoto aliyetoka kota ya Dar es Salaam, aliyejua bahari ya kutazama tu, alipelekwa Lindi akajifunza kufuata bamvua, kuchokoa pweza kwenye mwamba na kuvuka kwa mtumbwi kwenda Kitunda. Alipelekwa Kilwa Kivinje kwa lori la jeshi kuwaona jamaa wa jirani, akaona magofu ya Wajerumani yaliyowahi kuwa na askari kama baba yake. Alijifunza kwamba utani wa Wamakonde na Wamwera ukijibiwa kwa hasira, umeshindwa. Baada ya vituo vitatu vinne, mtoto huyo alikuwa amepata ufundi ambao haumo katika cheti chochote: kuingia darasa la watu wasiomjua na kabla ya kengele ya mapumziko kujua nani mkorofi, nani mpole, na nani atampa nafasi kwenye dawati.

Ufundi huo una upande wake wa pili. Anayejua kuingia haraka hujua pia kutoka bila kugeuka. Wengi tuliokulia hivyo tuna marafiki kila mkoa, na hatuna hata mmoja aliyetujua kwanza tukiwa watoto na angali anatujua leo.

Novemba 1978

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Lindi na Kagera ni pembe mbili za nchi zinazopeana mgongo. Ni vigumu kupata pa mbali zaidi ndani ya Tanzania. Askari wa kusini waliondoka kwa malori, meli na treni, pamoja na mgambo na vijana wa JKT, na kambi zikabaki na wanawake, watoto na wazee wa lindo.

Waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka redio kuliko kitu kingine. Taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikilizwa na mtaa mzima, na jina la mji uliotekwa lilitafutwa kwenye ramani ya ukutani shuleni: Masaka, Mbarara, Entebbe. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mji ulishangilia. Kota zilishangilia nusu, kwa kuwa redio ilitaja miji na haikutaja watu. Gari la jeshi likiingia mtaani polepole, mchana, likiwa na ofisa ndani, wanawake walitoka milangoni na kusimama, kila mmoja akiomba lisisimame kwake, na kwa ombi hilohilo akimwombea jirani mabaya. Hakuna aliyelaumiwa kwa ombi hilo.

Ushindi haukuwarudisha akina baba mara moja. Askari wa Tanzania walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Kuna watoto waliomwacha baba wakiwa matumboni na kumwona mara ya kwanza wakiwa tayari wanazungumza, nao wakamwamkia shikamoo kama wanavyomwamkia mgeni yeyote. Wengine baba zao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa, mahali ambapo mtoto wa Lindi huenda asifike maishani.

Majeshi yameendelea kutoka. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, katika shambulio moja. Tangu mwaka 2021 askari wetu wamevuka Ruvuma kuingia Cabo Delgado. Mabadiliko makubwa kwa mtoto wa sasa ni simu: baba anaonekana kwenye kioo, anauliza kuhusu hesabu za shule, kisha mtandao unakatika, na anayebaki na simu mkononi hajui kama ni mtandao.

Kukabidhi nyumba

Jibu la JWTZ kwa swali la sura hii liko katikati ya yale mawili ya kwanza. Mtoto wa askari ni wa baba yake, na taifa linamsaidia baba huyo kwa nyumba, hospitali na heshima, kwa muda wote ambao baba ana namba. Marekani imefika mbali kidogo: wizara yake ya ulinzi inaendesha shule za watoto wa wanajeshi, na tangu mwaka 1986 mwezi wa Aprili umetengwa kwa ajili yao. Sisi tuna Siku ya Majeshi tarehe 1 Septemba na Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, na katika zote mbili mtoto yupo jukwaani au pembeni, akipunga bendera.

Namba ikifungwa, kwa kustaafu au kwa kifo, nyumba hurudi. Ni haki, maana kota ni nyumba ya kazi na kuruta mwenye familia anaisubiri. Lakini kwa mtoto ni siku ya ajabu. Baba anafuatana na askari mwenye karatasi chumba kwa chumba. Wanahesabu vitasa, vioo vya madirisha, balbu, mifuniko ya masinki. Kila kilichopungua kinaandikwa. Ukutani nyuma ya mlango kulikuwa na alama za penseli za urefu wetu, za miaka yote tuliyokaa pale. Askari yule alizitazama, akamwambia baba kuta zipakwe chokaa kabla ya funguo kupokelewa. Tukapaka.

Baada ya hapo familia inatoka langoni na kuwa raia. Wengine hurudi kwenye vijiji ambavyo watoto wanavijua kwa jina. Wengi hawarudi. Hununua kiwanja mji ule waliokuwa wamehamishiwa kwa bahati, wakapanda mikorosho, wakafungua duka, wakaozana. Nachingwea, Lindi na Masasi zina mitaa yenye Wakurya, Wahaya, Wanyakyusa na Wazaramo ambao wenyeji hawashangai tena kuwaona, na wajukuu wao wanakwenda jandoni na wajukuu wa Wamwera.

Nikiyaweka majeshi yote matatu pamoja, naona jambo ambalo hakuna hata moja lililolipanga. Kila moja lilidai mtoto ni wake, na kila moja lilimkabidhi kwa watu wasiovaa magwanda. Kleist Sykes, mtoto wa jeshi la Mjerumani, aliishi maisha yake ya ukubwa katika vyama vya raia: African Association mwaka 1929, Al Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Wanawe Abdulwahid na Ally walipigana Burma na KAR, wakarudi, na mwaka 1954 walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Watoto wa vita vya Msumbiji waliobaki Rutamba walipokelewa na wakulima ambao hawakuwa na zaidi ya mihogo ya kuwagawia. Sisi wa kota tulipokelewa na wale tuliokuwa tukiwaita watoto wa raia kwa kebehi. Mwezi wa kwanza baada ya kukabidhi nyumba, mafao ya baba yakiwa bado hayajatoka, aliyemkopesha mama unga alikuwa mama wa mmoja wao.

Jeshi linamjua mtoto wa askari kupitia namba ya baba yake, na namba ina mwisho. Anayetaka kujua watoto hao wamekuwa wa nani asiishie kwenye majalada ya vikosi. Aende sokoni Nachingwea, aende Rutamba, aende misikiti na makanisa ya Lindi, aulize wazee nani alifika na jeshi gani na nani alimpa kiwanja. Majina yatatoka mengi, na mengi kati yake hayajawahi kuandikwa popote.